Uzoefu wangu: wikendi Tarangire na wenzangu wa kujitolea

Ninajitolea kwenye kituo cha watoto Moshi pamoja na wenzangu kutoka Ujerumani, Uholanzi na Kenya. Kazi inaisha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi watoto wanakusubiri darasani, kwa hiyo safari ya mbugani ni Jumamosi na Jumapili au basi. Tulipata kampuni moja ya utalii ya Arusha: siku ya kwanza Hifadhi ya Tarangire, ya pili Hifadhi ya Ziwa Manyara. Jina silitaji, maana nina ya kuisifu na ya kuilalamikia.

Nianze na hela, kwani ndiyo swali ninaloulizwa zaidi. Getini sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, wageni wanalipa kwa dola, na tofauti ni kubwa. Watu wakisikia hivyo wanadhani Mtanzania anaingia mbugani karibu bure. Wapi! Kinachokula hela ni gari, mafuta na dereva, na hivyo haviangalii pasipoti. Land Cruiser ya viti saba ikibeba watu watatu, hao watatu wanalipia na viti vitupu. Jazeni gari kwanza ndipo muanze kubishana bei. Na mgeni mwenye kibali cha ukaazi, hata kile cha daraja C wanachopewa wa kujitolea, ana kiwango chake, nafuu kuliko cha mtalii, ila abebe kibali chenyewe. Ofisi haikututajia hilo. Dereva ndiye aliyetupigia Ijumaa usiku kutukumbusha.

Sasa lawama. Gari lilichelewa kutuchukua, kisha likazunguka Arusha mjini kuchukua abiria wengine ambao hatukuambiwa habari zao. Kutoka Arusha hadi geti la Tarangire ni kama kilomita 120, sehemu kubwa lami, lakini vijiji ni vingi, kila kijiji mwendo wa 50 na trafiki yupo. Tumeingia getini jua limeshapanda, wanyama wanatafuta vivuli. Asubuhi nzima tuliyoilipia iliishia barabarani. Halafu hakuna aliyewaambia wageni kuhusu mbung'o. Wawili walikuja na jinzi za bluu iliyokolea, rangi ambayo mbung'o wanaipenda pamoja na nyeusi, wakaumwa hadi juu ya soksi. Chakula cha boksi nitakipita tu. Kuku mkavu, juisi ya moto, na ndizi yangu aliondoka nayo tumbili pale tulipopumzika.

Ila yule dereva! Ilikuwa kiangazi, wakati ambao wanyama wanatoka nyika ya Wamaasai na kujazana kwenye Mto Tarangire kwa sababu maji kwingine yamekauka. Mvua zikianza wanatawanyika tena, wengi wanaelekea tambarare za Simanjiro kuzaa. Hayo alitueleza kidogo kidogo njiani, si kama mtu anayesoma kipeperushi. Tulipofika mtoni alizima injini na kutuambia, "Jamani, hapa tutulie." Sehemu ile mto ulikuwa mchanga mtupu. Tembo jike akawa anachimba kwa mguu wa mbele, anasukuma mchanga pembeni, kisha anaingiza mkonga shimoni na kungoja maji yajikusanye. Ndama wake akapenyeza mkonga humo humo, akasukumwa taratibu kwa goti, akarudi tena, akasukumwa tena. Ng'ambo ya mto mibuyu mikubwa imechunwa magome hadi pale mkonga unapofika, maana tembo hutafuna magome yale kupata unyevu. Familia ile ilipoondoka, nyani walishuka kunywa kwenye lile shimo.

Katikati ya hayo redio ya upepo, ile madereva wanayoitumia kuitana, ikapiga kelele kwamba kuna chui ameonekana upande mwingine. Mholanzi wetu akataka twende mbio. Dereva akasema kwa upole kwamba hadi tufike chui atakuwa ameshazungukwa na magari, au ameshashuka mtini, na mwendo mbugani una kikomo. Tukitaka atatupeleka, uamuzi ni wetu. Tulipiga kura, tembo wakashinda. Mholanzi alinuna hadi jioni na sidhani kama amesamehe. Mimi ningepiga kura ile ile hata leo.

Manyara Jumapili ilikuwa nzuri kwa kiasi chake. Msitu wa maji ya chemchemi pale mlangoni unapendeza na kima tuliwaona, lakini simba wa juu ya miti wanaosifika huko hawakutokea, na saa nane mchana ilibidi tugeuze ili tuwahi Moshi. Kwa watu wenye siku mbili tu, mimi ningeweka zote Tarangire na kushuka kusini hadi kinamasi cha Silale, ambako hatukupata muda wa kufika. Na ningeondoka Moshi Ijumaa jioni, nilale karibu na Makuyuni, mji mdogo wa njiani, ili asubuhi geti linapofunguliwa niwe nimeshafika.

Kama ni nyota, ofisi naipa mbili, dereva tano. Kuna kundi jipya linakuja kituoni mwezi ujao. Namba niliyowaandikia ni ya dereva, na nimewaambia waache jinzi nyumbani.