Cantera na Zacros: ulinganisho wa programu za kuiga mmenyuko wa gesi kwenye uso wa kichocheo

Cantera, programu huria inayotumiwa sana kupitia lugha ya programu ya Python, huuchukulia uso wa kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) kana kwamba molekuli zilizonata juu yake zimechanganyika sawasawa. Inachofuatilia ni sehemu ya uso iliyokaliwa, kuanzia 0 hadi 1, kwa kukokotoa milinganyo ya kasi za mmenyuko. Zacros, iliyoanzishwa na mtafiti Michail Stamatakis, huuchora uso huo kama kimia cha vituo, yaani mahali molekuli zinapoweza kunata, kisha kwa mbinu ya Monte Carlo, inayotumia nambari za nasibu, hubahatisha tukio moja baada ya jingine: molekuli inanata, inahama, inamenyuka au inabanduka.

Tofauti hiyo huonekana wazi kaboni monoksidi inapooksidishwa juu ya platini. Molekuli ya oksijeni huhitaji vituo viwili vilivyo wazi na vinavyopakana ili igawanyike, na kaboni monoksidi ikijaa, vituo hivyo huadimika. Cantera huvikadiria kwa wastani tu, ilhali Zacros huvihesabu kimoja kimoja, pamoja na msukumano wa molekuli jirani. Gharama ya Zacros ni muda, kwa kuwa molekuli zinazohamahama kwa kasi zinaweza kumeza karibu hatua zote za ukokotoaji kabla mmenyuko wenyewe haujatokea. Kwa mtambo mzima wenye mtiririko wa gesi ningeanza na Cantera bila kusita, maana hukokotoa pia mmenyuko unaotokea ndani ya gesi yenyewe. Zacros ningeitumia pale mpangilio wa molekuli unapobadilisha jibu.