Uzoefu wangu na Chronicling America kwa anayeandikia watoto riwaya ya walowezi wa Nebraska

Chronicling America ni hazina ya magazeti ya zamani ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka mtandaoni. Hulipi, hufungui akaunti, na ukurasa unaupakua ulivyo. Nimeitumia kutafutia habari za riwaya ya Kiswahili ya watoto wa miaka 9 hadi 12, ya familia iliyochukua shamba jimbo la Nebraska, Marekani, miaka ya 1880, na kwa kazi hiyo sijaona cha kuishinda. Ila ukianza na habari za ukurasa wa mbele utapoteza siku nyingi. Mali yenyewe imo kwenye vitangazo vidogo.

Anza na tangazo la uthibitisho wa shamba. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Kuanzia 1879 alitakiwa pia atangaze kwenye gazeti la karibu kabla ya kwenda kuthibitisha kwamba ametimiza sharti hilo. Chagua jimbo, weka miaka, kisha andika "final proof" pamoja na jina la kaunti. Tangazo moja litakupa mwenye shamba, namba ya shamba, ofisi na tarehe ya kwenda, na majina ya majirani wa kumshuhudia. Kijiji kizima cha riwaya kimo humo. Majina yabadilishe, mpangilio uache ulivyo.

Namba ya shamba usiipite haraka. Tuseme ni robo ya kusini-magharibi ya seksheni 14. Taunshipu, yaani mraba mkubwa wa ardhi iliyopimwa, ina seksheni 36, kila moja maili moja kwa maili moja. Hesabu inaanzia pembe ya kaskazini-mashariki, inakwenda magharibi hadi 6, safu ya pili inarudi mashariki, na hivyo hivyo hadi mwisho, kama maksai wa plau wanavyogeuka ukingoni mwa shamba. Kwa hiyo kaskazini ya 14 ni 11, kusini 23, mashariki 13, magharibi 15. Chora hiyo ramani kwenye daftari kabla hujaandika sura ya kwanza, maana ndiyo itakayokuambia mtoto aliyetumwa kwa jirani anatembea muda gani. Usimpe mhusika wako seksheni 16 wala 36: zilitengwa kwa faida ya shule. Na kwenye ukanda wa reli ya Union Pacific, seksheni za namba witiri serikali iliwapa wenye reli.

Umri nao unapatikana humo humo. Aliyetangaza uthibitisho wa Homestead mwaka 1885 kwa kawaida alihamia 1880 au kabla yake, hivyo binti wa miaka 11 alifika akiwa na sita hivi, na kumbukumbu zake za safari ziwe za mtoto wa sita. Ila soma tangazo mpaka mwisho: wapo waliokatisha ile miaka mitano kwa kulipa dola 1.25 kwa ekari, na hao hesabu yao ni nyingine.

Kosa linalowanasa wengi ni kurasa zilizonunuliwa. Magazeti mengi ya vijijini yalikuja na upande mmoja umeshachapwa mjini, Chicago kwa mfano, na mhariri akajaza upande uliobaki. Hadithi, mapishi na dawa za chupa za upande ule si za kaunti yako. Tafuta ukurasa wenye maduka ya mji huo. Bei ya unga, misumari na kitambaa ichukue hapo tu.

Maneno ya kutafutia yawe ya wakati ule. Nzige wa 1874 waliitwa "grasshoppers". Kwa tufani ya theluji ya tarehe 12 Januari 1888, iliyowakuta watoto wengi shuleni, usiishie tarehe hiyo. Magazeti ya wiki yaliendelea kuiandika, kwa hiyo soma hadi mwisho wa Februari. Tena, maandishi yanasomwa na mashine kwenye karatasi iliyofifia: "rn" hugeuka "m", na Burns anakuwa Bums. Jina lisipotokea, litafute kwa makosa yake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mhariri wa mji mpya aliishi kwa matangazo hayo ya mashamba, na alitaka walowezi waje. Kwake mavuno ni mazuri karibu kila mwaka. Ukame usome kwenye minada ya mashamba yaliyowekwa rehani. Na Wapawnee, ambao nchi ile ilikuwa yao kabla ya kuhamishiwa Oklahoma ya leo kati ya 1873 na 1875, humo hawasemi. Usimwachie mtoto aamini kwamba mbuga ilikuwa tupu. Tafuta "Standing Bear" mwaka 1879: kesi ya chifu huyo wa Waponca mjini Omaha, ambapo jaji aliamua kuwa Mhindi Mwekundu ni mtu mbele ya sheria, mtoto wa miaka kumi anaielewa bila kurahisishiwa.

Nyumba hutaiona vizuri kwenye magazeti. Hapo nenda kwenye picha za Solomon Butcher za Kaunti ya Custer, alizoanza kupiga 1886. Utaona kuta za mapande ya udongo wenye mizizi ya nyasi, madirisha yaliyozama ndani kwa unene wa ukuta, familia imepanga vitu vyake vya thamani nje.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, chakula ndicho chepesi. Walowezi wale walikula mahindi asubuhi na jioni; "mush" yao ni uji mzito wa sembe, na uliobaki ukiganda walikata vipande wakakaanga. Andika uji, msomaji wako wa Iringa atausikia harufu.