VSCodium badala ya VS Code: inapofaa na inapogoma

Msimbo wa VS Code, kihariri cha programu cha Microsoft, ni huria, uko chini ya leseni ya MIT tangu 2015. Ila programu unayoipakua kwa Microsoft ina leseni yake nyingine, na hutuma taarifa za matumizi usipoizuia. VSCodium hujengwa kutokana na msimbo huohuo, bila nembo ya kampuni na huku utumaji huo umezimwa. Naitumia kwa Python na C++ kwenye Linux. Kama kihariri, sina la kulalamikia.

Kazi iko kwenye viendelezi, yaani nyongeza zinazosakinishwa ndani ya kihariri. Masharti ya soko la Microsoft yanaruhusu vitumike na bidhaa za familia ya Visual Studio tu, kwa hiyo VSCodium huvichota kwenye Open VSX, soko jingine linalosimamiwa na Eclipse Foundation. Humo hukuti Pylance, msaidizi wa Python wa Microsoft, wala Remote - SSH yao ya kufanyia kazi kwenye seva za mbali. Kupakua faili ya .vsix (kifurushi cha kiendelezi) kutoka soko la Microsoft na kuisakinisha kwa mkono ni kukiuka masharti hayo, na isitoshe baadhi hukagua vinaendeshwa ndani ya programu gani kisha hugoma.

Basi kabla ya kuhama endesha code --list-extensions > orodha.txt, uhakiki kila jina kwenye Open VSX. Mipangilio hunakiliwa tu: settings.json na keybindings.json kutoka ~/.config/Code/User kwenda ~/.config/VSCodium/User.

Badala ya Pylance naweka basedpyright, inatosha kabisa. Kwa C++ ni clangd (hukagua na kukamilisha msimbo) pamoja na CodeLLDB (kitatuzi, yaani debugger), na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema: kila #include inapigwa mstari mwekundu, wanadhani kiendelezi ni kibovu. Kinachokosekana ni compile_commands.json, faili inayoieleza clangd jinsi kila faili inavyokusanywa (compile). Kwenye CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa mradi, ongeza -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON, ukitumia Ninja au Makefile. clangd huitafuta faili hiyo kwenye mzizi wa mradi na kwenye folda ya build; ukiipa folda jina jingine, tengeneza kiungo cha faili hiyo kwenye mzizi wa mradi kwa ln -s.

Kwa seva za mbali ipo Open Remote - SSH. Ikikwama kwenye kuunganisha, angalia AllowTcpForwarding katika sshd_config (faili ya mipangilio ya SSH kwenye seva) iwe yes, na seva yenyewe iweze kufika GitHub, maana sehemu ya upande wa seva hupakuliwa huko.

Kwa C# singehama: kitatuzi cha Microsoft kimefungwa kwa leseni. Na kwa mradi mkubwa wa Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), ambapo jina la modeli linagusa hadi violezo (templates), nalipia PyCharm, kihariri cha Python, bila kinyongo. Ukilipa miezi 12 mfululizo, unabaki na haki ya kudumu ya kutumia toleo la zamani hata ukiacha kulipa.