Raba ya pembeni ya boti: walinikatia fupi halafu wakaniambia nimwite mwenye boti

Hili jambo nimekaa nalo muda. Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira, ngoja zipoe kwanza, sasa naona hazipoi kwa hiyo acha niandike hivyohivyo zilivyo. Mwanzoni nilitaka kuwapa hii karakana nyota tatu maana kazi kwa macho ilipendeza na bei haikuwa ya kuumiza. Jina silitaji.

Boti yangu ni ya faiba, futi 21, ya zamani kweli, nimeichukua kwa baba mdogo alipoacha kazi ya maji sababu ya miguu. Inakaa Kirumba, Mwaloni, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, inabeba watu wa visiwani, mara msiba, mara harusi, mara mwalimu mpya anaenda kuripoti Ukerewe na godoro lake. Injini haina shida. Kilichochoka ni ile raba nyeusi inayozunguka boti ubavuni, wengine wanaiita bampa, ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino na mbele huku imeng'oka kabisa imebaki reli yake tu iliyopinda.

Watu wengi wanadhani ile raba ni urembo, naomba nieleze kidogo maana ugomvi wote umeanzia hapo. Boti ya faiba kama hii haitoki kipande kimoja. Wanatengeneza ya chini peke yake, ya juu peke yake, halafu ya juu inafunikwa kama mfuniko wa hotpoti, na pale midomo inapokutana wanapiga ribiti au skrubu kuzunguka boti nzima. Sasa ule mstari wa maungio ndio umejificha nyuma ya raba. Raba inapokea kishindo ukigonga gati au ukigongwa na boti ya jirani, na gundi iliyo nyuma yake inazuia maji yasipite kwenye matundu. Gundi ikifa kila skrubu ni tundu. Ziwa likiwa limetulia huoni kitu, ila likichafuka mchana mawimbi yakaanza kupiga ubavu maji yanapanda mpaka pale na yanaingia kidogokidogo, wewe uko chini unachota na kopo unadhani ni kizibo cha nyuma.

Mimi nimechota miezi. Kizibo nimebadilisha mara mbili. Mpaka siku moja nikamwingiza mdogo wangu ndani na tochi, mimi nikabaki nje na mpira wa maji nikawa napita nao taratibu kwenye maungio, nasikia anapiga kelele dada hapa, dada na hapa, na hapa, sehemu zaidi ya kumi zinadondosha maji. Na sakafu yake ni plaiwudi iliyovikwa faiba, upande wa kushoto ilishaanza kubonyea ukikanyaga. Nililia siku ile, sioni aibu kusema.

Nilishauriwa na wengi nipigilie tairi kama wanavyofanya kwenye baadhi ya boti za mbao. Nawaheshimu, lakini misumari kwenye faiba ni kuongeza matundu juu ya matundu. Nikaagiza vitu Dar vikaja na basi: reli ya plastiki ngumu yenye mfereji katikati, raba laini ya kuingia kwenye huo mfereji kufunika vichwa vya skrubu, mita 14, gundi ya boti ya poliyurethani chubu nne, na skrubu za stenlesi mia moja. Zile skrubu nilizijaribu na sumaku ya spika mbovu nyumbani, haikushika hata moja. Nikapeleka kila kitu karakana kwa mkono wangu, nikahesabu mbele yao, tukakubaliana ufundi laki na themanini. Nakiri walianza kazi siku waliyosema, na kwa hapa kwetu hilo si dogo.

Sasa siku ya kumalizia. Mimi nilikuwa na safari asubuhi kwa boti ya mwenzangu, nimefika pale kama saa nane mchana, jua kali la kukausha dagaa, nakuta reli imeshafungwa yote imenyooka vizuri, nikafurahi. Ile raba laini walikuwa wameianika juani imelegea kama bigijii, ambayo ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa ili iingie. Shida ni kwamba fundi mkuu alikuwa anaivuta. Mguu mmoja kaukanyagisha kwenye ubavu wa boti, mikono miwili, anavuta kama mtu anayetoa ng'ombe kwenye tope. Nikamwambia kaka samahani, usiivute, isukumie tu ikae yenyewe, na mwishoni uache inchi kadhaa zining'inie mpaka kesho asubuhi ndio tukate, maana usiku ikipoa itajirudi. Hakunijibu. Nikarudia. Akachukua kisu akakata palepale, usawa kabisa na mwisho wa reli, halafu akawageukia wenzake akasema, "Mama, hii ni urembo tu." Wakacheka.

Nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza, nadhani ni kwa sababu kazi ilikuwa inang'aa na nilikuwa nimechoka na nilitaka imalizike.

Asubuhi yake nimefika mwaloni saa kumi na mbili, bado kuna ukungu juu ya maji, raba imerudi nyuma. Pembe ya kulia vidole vinne, ya kushoto kiganja kizima, mfereji uko wazi skrubu zinaonekana, tena kule nyuma karibu na injini ambako maji yanarushwa muda wote. Usiku mmoja tu.

Nikaenda karakana kistaarabu. Nimesalimia kila mtu, mwangaluka, mzee mlinzi akaitikia vizuri. Fundi mkuu anakunywa chai. Nikamweleza, nikamwonyesha picha kwenye simu, hakunyanyua macho kwenye chapati yake. Akasema, "Mama, mimi siwezi kubishana na wewe. Niitie mzee mwenye boti niongee naye."

Nikasema mwenye boti ni mimi.

Akasema, "Sawa. Basi mpigie mzee."

Jamani. Mimi ndiye niliyeleta vifaa, mimi ndiye niliyehesabu skrubu mbele yake, mimi ndiye niliyemkabidhi hela mkononi, ile boti nimeiendesha usiku nikiwa na mjamzito anawahi hospitali, na huyu mtu ananiambia nimpigie mzee. Watu wanne wako pale wanasikia hakuna aliyesema neno. Nikajaribu kumwelewesha kwamba hiki si kitu cha urembo, akaniambia boti yenyewe kuukuu inataka makuu gani. Hapo nyota tatu zikawa moja.

Na niseme hili kwa watu wa nje ya hapa. Sisi wa huku ziwani tumezika watu mwaka 1996 na Mv Bukoba, tukazika tena 2018 na Mv Nyerere pale Ukara. Najua zile habari zake ni kujaza kupita kiasi, sisemi ni mambo ya raba. Lakini mtu aliyezaliwa hapa, anayekula kwa kazi ya vyombo vya maji, akisikia mteja anasema maji yanaingia, hata kama ni kikombe, anatakiwa aweke chai chini. Kuweka chai chini tu.

Nikaendelea na kazi maana siwezi kuipaki, watoto wanasoma. Zile nyuma mbili nikaziba kwa muda na vipande vya raba ya zamani. Wiki kadhaa zikapita, naona michirizi ya kahawia inashuka kutoka chini ya reli, boti nyeupe inaonekana kama inatoka damu. Stenlesi haitoi kutu ya namna hiyo ndani ya wiki, tena kwenye maji baridi ya ziwa ambayo hayana chumvi. Nikachukua ile sumaku ya spika nikaipitisha kwenye mfereji uliobaki wazi. Ta! Ikanata. Skrubu zote ninazozifikia zinanata.

Jioni moja nimekaa mwaloni akaja kijana wa pale karakana, yule mdogo kabisa anayeshikiliaga waya wa drili. Amekuja peke yake. "Shikamoo mama." Neno lilelile, mama, ila kinywani mwake nililisikia tofauti kabisa. Akaniambia kila kitu bila kuulizwa. Skrubu zangu fundi mkuu aliziweka kabatini kwa ajili ya kazi nyingine, akafunga na zile nyeusi za kufungia jipsamu ya dari. Gundi yangu alitumia chubu moja, kwingine kote alipiga silikoni ya madirisha. Na matundu ya zamani hayakuzibwa, skrubu zimerudishwa humohumo, nyingi zinazunguka tu hazijashika kitu. Kijana anasema hajalala vizuri tangu siku ile maana aliniona navyoangalia raba ikikatwa.

Tulifanya upya mimi, yeye na mdogo wangu, siku tatu, na nataka mjue ilivyofanyika maana ndiyo ingekuwa hivyo toka mwanzo. Tulitoa skrubu 88, nyingine zilikatika kichwa ikabidi zitolewe na koleo. Kilichotutesa kuliko vyote ni silikoni, ukishaipaka kwenye faiba hakuna gundi nyingine inayokubali kushika juu yake, tulikwangua na wembe, tukafuta na spiriti, tukapiga msasa, tukafuta tena, mikono ilivimba. Matundu yote ya zamani tukayaziba na epoksi tukaacha ikauke mpaka kesho yake. Halafu kijana akatoboa mapya katikati ya yale ya zamani, na kila tundu analitanua mdomo kidogo kwanza ili rangi ngumu ya juu isibanduke skrubu ikiingia, hilo sikumfundisha mimi, alikuwa analijua, ila kule kazini hakuna aliyewahi kumpa drili. Gundi ya kweli mstari mzima na ndani ya kila tundu, skrubu za stenlesi mpya, akibana anaishia pale gundi inapoanza kutokeza, habani mpaka yote ikimbie. Tulianzia mbele kwenye pua kurudi nyuma, pale inapokunja tukaimwagia reli maji ya moto ikakubali bila kupasuka. Raba tukailoweka kwenye pipa la maji ya moto, tukaipaka sabuni, tukaisukumia na nyundo ya mpira bila kuivuta hata kidogo. Ncha tukaziacha zinaning'inia usiku mzima. Asubuhi zilikuwa zimejirudi kidogo tu, tukakata, tukafunga na vizibo vya mwisho na skrubu moja kila upande.

Mdogo wangu akaingia ndani na tochi, mimi na mpira wa maji nikazunguka mara mbili. Kimya. Nikamuuliza unaona nini, akasema dada sioni kitu.

Kijana nampa nyota zote tano. Kuna muda nilitaka kupandisha na ile karakana kwa ajili yake, maana ndiko alikotoka, ila akiwa kule alikuwa anashika waya tu, kwa hiyo hapana, haiwahusu.

Zile skrubu 88 zenye kutu niliziweka kwenye kopo la Blue Band nikaenda nazo. Nilikuta anakunywa chai tena. Nikaweka kopo mezani, nikamwambia naomba skrubu zangu mia moja, chubu zangu tatu, na laki na themanini. Akafungua, akaangalia, akafunika. Akaniuliza, "Mzee wako ndiye aliyekutuma?"

Sifuri. Wiki hii narudi tena, na mdogo wangu anakuja na ile sumaku.