Mizani ya kioo ya nyumbani: mbona asubuhi inasema hivi na jioni vile?

Habari zenu, karibuni. Leo tunaichambua mizani ya kioo ya kidijitali, ile nyembamba ya miguu minne inayouzwa karibu kila duka la vyombo. Swali mnaloniuliza sana ni hili: asubuhi nina kilo 70, jioni 71 na nusu, je, mizani ni mbovu? Tuanze na mizani yenyewe.

Naigeuza. Kila mguu una kihisi, kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno ukikikanyaga, na umeme unaopita humo hubadilika kufuatana na huko kupinda. Ndiyo maana inataka sakafu ngumu. Hapa kwenye marumaru napata namba moja, nikiihamishia kwenye zulia napata nyingine, kwa sababu miguu imezama na kitako kimeegemea zulia. Ukiihamisha, ikanyage mara moja, iache izime, ndipo upime.

Na usiiamini kwa sababu tu imerudia namba ileile. Baadhi ya mizani hizi hukumbuka kipimo cha mwisho na kukurudishia hichohicho. Fanya hivi: pima, shuka, shika paketi ya unga ya kilo 2, panda tena. Yangu imeongeza kilo 2. Kwa hiyo ni nzima.

Sasa hii chupa ya maji, nusu lita. Nakunywa yote. Napanda. Nusu kilo zaidi! Sijanenepa, nimebeba maji tumboni badala ya mkononi. Wali, maharage, chai, matunda, vyote vina uzito, na unatembea navyo hadi vitoke kwa mkojo, choo, jasho na pumzi. Ndiyo, pumzi pia, hata ukiwa usingizini. Daktari Santorio Santorio wa Italia alikula na kujipima kwa miaka mingi akiwa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akaona kwamba sehemu kubwa ya alichokula na kunywa haikutoka chooni, bali ilipotea bila kuonekana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1614.

Kuna chumvi pia: ukila vyakula vyenye chumvi nyingi usiku, mwili unashikilia maji na kesho namba iko juu. Wanawake wengi huona hivyo siku chache kabla ya hedhi. Wanga nao una lake. Mwili huuweka akiba kama glaikojeni, na kila gramu hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha ugali wiki moja, kilo za mwanzo zinazoshuka ni maji kwa sehemu kubwa. Ukirudi kwenye pilau, zinarudi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kuna watu wanauza chai za kupunguza tumbo na kuonyesha picha za mizani, kabla na baada. Nyingi zina sanamaki. Hiyo inakuharisha! Kilichopungua ni maji na choo, mafuta yako palepale. Kilo moja ya mafuta ni takriban kalori 7,700 juu ya zile mwili wako unazotumia. Huwezi kuipata kati ya staftahi na magharibi. Tafadhali, dada yangu, kaka yangu, usilale njaa kwa sababu ya namba ya jioni.

Kuhusu zile za bei ya juu zinazokuambia asilimia ya mafuta kwenye simu: hupitisha umeme hafifu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha hukadiria. Maji mwilini yakibadilika, makadirio nayo yanayumba. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asiikanyage kabisa. Mimi ningenunua ya kawaida, ya kilo tu.

Jipime asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, kisha linganisha wastani wa wiki na wa wiki iliyofuata. Ila kama una ugonjwa wa moyo au figo na daktari amekuambia ujipime kila siku, kwako habari ni tofauti. Kilo zikipanda ghafla ndani ya siku mbili tatu, huenda ni maji yanajaa mwilini. Wapigie hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.