Kamera za mtego kwa mwindaji: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wauzaji wa kamera za mtego, zile zinazofungwa porini na kupiga picha zenyewe mnyama akipita, husifia megapikseli. Mimi nazipanga kwa kigezo kingine: ukishaifunga mtini, mnyama anabakiwa na nafasi gani ya kukuponyoka, na mpita njia anabakiwa na faragha gani? Kwa kigezo hicho, kamera zinazosifiwa kuliko zote ndizo zinazoshika mkia.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya kadi ya memori yenye mwanga wa infraredi (wa kupigia picha gizani) wa nanomita 940; nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Haina laini ya simu wala haitumi chochote. Ukitaka kujua nani kapita, unatembea hadi kwenye mti na kuichukua kadi. Unachokiona ni habari ya juzi. Mnyama keshaondoka, na kazi ya kusoma nyayo na upepo bado ni yako. Hivyo ndivyo uwindaji wa haki unavyotakiwa kuwa. Mwanga huo jicho la mtu halioni. Ubaya wake ni kwamba usiku haumuliki mbali na picha huwa na chengachenga, lakini hasara hiyo inavumilika.

Ya pili ni kama hiyo, ila ya nanomita 850. Inamulika mbali zaidi, lakini taa zake hutoa wekundu hafifu gizani. Nina picha nne za dume mmoja: ya kwanza anakula, ya pili kainua kichwa, ya tatu ameikodolea lenzi macho, ya nne ni nyasi tupu. Yenye flashi nyeupe sitaipa nafasi kabisa.

Ya tatu ni ya laini ya simu, kwa sharti moja: iwe inaweza kupangwa itume picha zote kwa mkupuo, mara moja kwa siku, baada ya saa za kuwinda. Ina faida ya kweli, kwa sababu huingii porini kila mara kuacha harufu yako na kuwafurusha wanyama.

Ya mwisho ni ile inayotuma papo hapo. Simu inatetema, mnyama bado ananywa maji, nawe unajua kasimama wapi. Hapo hujawinda, umeitwa. Boone and Crockett Club, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1887, kinapinga waziwazi kumfuata mnyama kwa picha za namna hiyo. Jimbo la Arizona, hukohuko Marekani, lilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 limepiga marufuku kamera za mtego katika uwindaji, hata za kadi. Ni jimbo kame, mnyama hana pengine pa kunywa, na kamera zilikuwa zikirundikana kwenye dimbwi moja. Majimbo ya Nevada na Utah nayo yana miezi ya katazo. Kwa hiyo soma sheria ya mahali unapowinda kabla hujatoa pesa.

Kuhusu watu, nina jambo linalonikera mpaka leo. Niliwahi kufungua kadi yangu nikamkuta mzee aliyesimama kupumzika, kavua kofia, anajifuta jasho, akidhani yuko peke yake. Nilizifuta picha zile nikaihamisha kamera siku hiyohiyo, maana kosa lilikuwa langu: niliielekeza kwenye njia ya watu. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, tumia mkanda badala ya misumari, andika namba yako kwenye kamera. Ukiikuta ya mwenzako, kadi yake usiiguse. Tafuta sehemu nyingine ya kufunga yako.

Dukani uliza mawili: mwanga wake ni nanomita ngapi, na kama ni ya laini, utumaji wa papo hapo unazimika? Muuzaji akisita kwenye la pili, mwombe akuoneshe mipangilio yake kwenye simu kabla hujalipa.