Vikao nane na mnasihi aliye fildi, Iringa mjini

Kama unatafuta mtu wa kuzungumza naye hapa Iringa mjini, ukaambiwa atakayekuhudumia ni mwanafunzi wa unasihi aliye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usiondoke. Mimi nilitaka kuondoka. Nina miaka 51, nimeendesha malori tangu 1998, na aliyenifungulia mlango ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mzee," akasema, akanisogezea kiti.

Kilichonipeleka ni mteremko wa Kitonga. Mwezi wa pili nilikuwa nashuka na viazi vya Njombe kwenda Dar, lori lililokuwa mbele yangu likakatika breki. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia dereva wake. Toka siku ile nikinusa breki iliyoungua, hata ya bajaji pale Mlandege, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Usingizi ukakata kabisa. Nilianza kwa mtu mwingine, mtu mzima mwenye ofisi yake. Akanipa mawaidha nusu saa: nijikaze, kila dereva ameona ajali. Nikarudi nyumbani na mzigo uleule, na aibu juu yake.

Kijana huyu alianza kwa kuweka mambo wazi. Bado anasoma. Kila wiki anazungumzia kesi zake na msimamizi, bila kutaja jina la mtu. Nitakayosema yanabaki mle ndani, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Kikao ni dakika 50. Akaniuliza kama namruhusu aandike. Nikakataa, akafunga daftari, na hakuligusa mpaka kikao cha tatu nilipomruhusu mwenyewe.

Halafu akanyamaza, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Sisi tumezoea ukimpelekea mtu shida, anakwambia la kufanya. Kikao cha pili nikamuuliza kwa ukali kidogo, "Kijana, mbona hunishauri?" Akanieleza kwamba njia anayojifunza ni ya Mmarekani mmoja, Carl Rogers, aliyeandika mwaka 1957 kwamba anayesaidia awe mkweli, ampokee mtu bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama mwenyewe anavyoyaona. "Mzee, panapouma unapajua wewe," akasema.

Basi nikasema. Nikasema ambayo hata mama watoto hajayasikia: yule dereva alinishika mkono, nami nikamwambia atapona. Nilitegemea kijana aseme "usijilaumu", kama watu wote. Akasema taratibu, "Ulimwambia atapona, na neno hilo umelibeba peke yako tangu mwezi wa pili." Nililia. Hakunibembeleza, hakuangalia saa. Leso za karatasi zilikuwa mezani, nikachukua mwenyewe.

Alikosea pia, tena sana. Kikao cha nne alinitaka nisimulie ajali ile hatua kwa hatua, nikatoka hoi, siku mbili sikulala. Nilikwenda kikao cha tano nikiwa na nia ya kumuaga. Kabla sijakaa akaniambia, "Mzee, wiki iliyopita nilikuharakisha. Nimeliongea na msimamizi wangu. Naomba unisamehe." Nimefanya kazi chini ya mabosi wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyenitamkia maneno hayo. Nikakaa. Siku hiyo hatukuigusa kabisa ajali. Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutaja vitu vitano ninavyoviona mbele yangu, na kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Sasa nafanya hivyo nikisimama Ilula kabla ya kuanza mteremko. Mikono bado inatetemeka safari nyingine, ila nashuka.

Chumba chao kirekebishwe. Ukuta ni wa mbao nyembamba na televisheni ya mapokezi inasikika ndani, kwa hiyo unajiuliza kama na wewe unasikika nje. Mtu anayelia hastahili wasiwasi huo. Malipo ni shilingi 10,000 kwa kikao, na hukusanywa kabla hujaingia.

Jambo lingine mlijue mapema: mwanafunzi huondoka muda wake wa fildi ukiisha. Wangu aliniambia kikao cha tatu, akanikumbusha cha sita, na cha mwisho tukakitumia kuzungumzia kuagana kwenyewe, maana yule wa Kitonga sikupata kumuaga vizuri. Aliniuliza nataka faili langu liende kwa nani. Nikachagua msimamizi wake. Nina miadi naye Jumatano, saa nne asubuhi.